Ringi si Mila Yetu

Mwezi wa saba kwetu Mollo ni mwezi wa baridi na wa watu. Mahindi yameingia ghalani, ulezi umepurwa, na sisi tuliotawanyika Dar es Salaam, Mbeya na Mpanda tunarudi nyumbani kuhesabiwa. Mpaka saa nne asubuhi hakuna anayevua sweta. Mwaka jana ukoo wetu ulifanya shukrani ya mavuno uani kwa bibi. Kulikuwa na ng'ombe mmoja, spika mbili za kukodi na watoto wasiohesabika. Mimi nilikuja na ringi sita.

Nilizitengeneza mwenyewe siku mbili kabla, kwa mabaki ya bomba jeusi la plastiki, lile lenye mistari ya buluu, ambayo jirani aliyaacha alipomaliza kuvuta maji mpaka kwake. Kazi yenyewe si ngumu. Unapima mita tatu, unakata, unachovya ncha kwenye maji ya moto zilainike, unazisukumia kwenye kiungio, kisha unazungushia vitambaa ili ringi isiteleze kiunoni. Ukiisimamisha chini inakufika karibu na kitovu. Ringi ndogo za dukani zinawashinda watu wazima kwa sababu zinazunguka haraka mno. Kubwa na nzito inakwenda polepole na inakusubiri.

Ujuzi huu niliupata nikiwa chuo. Jumapili jioni pale Coco Beach kulikuwa na vijana waliofanya mazoezi ya sarakasi mchangani, na pembeni yao watu wachache waliokuja kuzungusha vitu tu: ringi, mipira iliyofungwa kwenye kamba, fimbo, vitambaa. Hakukuwa na kiingilio wala mshindi. Anayejua alimfundisha asiyejua, jua likizama kila mtu alishika daladala yake. Katika jiji ambalo kila kitu changu kilikuwa na alama au bei, ile saa moja ilikuwa yangu.

Nilitaka watu wa kwetu nao waionje, na kwa nusu saa waliionja. Wavulana waligombania ringi mbili. Shangazi mmoja mwenye kitenge kipya alijaribu mara nne, ikamwangukia miguuni mara nne, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha binti wa shangazi mwingine, mwenye miaka 13, darasa la saba, akachukua ile kubwa kuliko zote. Huyu hakuhitaji kufundishwa mara mbili. Ringi ilipanda, ikatulia kiunoni, ikazunguka kama iliyokuwa ikimngoja. Watu wakaanza kupiga makofi.

Baba mkubwa akainuka kwenye kiti chake. Hakupaza sauti.

"Mama, weka chini hiyo. Hiyo si mila yetu."

Binti akaiweka chini, akanyoosha sketi, akaenda jikoni kuosha sahani. Ringi ile ile akaiokota mdogo wake wa kiume, akaendelea kucheza hapo hapo, na hakuna aliyesema neno. Mimi nilinyamaza. Nimesoma historia miaka mitatu, na nilikuwa na mengi ya kusema, nikanywa chai. Insha hii ni yale niliyoyanyamazia, pamoja na yale niliyokuja kuambiwa baadaye.

Tuanze na bomba lenyewe. Mwaka 1951, katika maabara za kampuni ya mafuta ya Phillips kule Oklahoma, Marekani, wanakemia wawili, J. Paul Hogan na Robert Banks, walipata njia ya kutengeneza plastiki ngumu isiyovunjika upesi. Kampuni iliipa jina la Marlex na kuiingiza sokoni. Lakini plastiki ya mwanzo haikutoka sawasawa. Wateja hawakuitaka, ikajaa maghalani. Kilichoikomboa si kiwanda cha ndege wala cha silaha. Ni mchezo wa watoto.

Huko Australia wanafunzi walikuwa wakifanya mazoezi ya viungo kwa ringi za mianzi, na mwaka 1957 habari hizo ziliwafikia Richard Knerr na Arthur Melin, wenye kampuni ya vitu vya kuchezea ya Wham-O huko California. Mwaka 1958 wakatoa ringi za plastiki za rangi rangi. Hesabu inayorudiwa na wengi ni kwamba katika miezi minne ya mwanzo ziliuzwa milioni 25. Maghala ya Phillips yakaanza kupungua, kampuni ikapata muda wa kurekebisha plastiki yake, na baadaye plastiki ya jamii hiyo ikawa chupa, ndoo na mabomba ya maji. Kwa hiyo nilipokata bomba la jirani yetu na kulifanya ringi, sikuwa nimeharibu kitu cha kazi kwa ajili ya mchezo. Mchezo ndio uliotangulia. Uliilea ile plastiki mpaka ikapata kazi.

Na si kwamba Wamarekani waliibuni ringi. Watoto wa Ugiriki ya kale walikuwa wakizikimbiza kwa vijiti, kama kaka zangu walivyokimbiza ringi za baiskeli zisizo na spoku kwenye barabara ya vumbi ya Mollo. Walichobuni Wham-O ni soko, na jina: Hula Hoop. Jina hilo lina kisa chake, na kisa hicho kinahusu kiuno.

Hula ni ngoma ya watu wa Hawaii, ngoma ya nyonga na mikono, iliyobeba nasaba za wafalme na habari za miungu. Wamisionari kutoka Marekani walifika visiwani mwaka 1820, wakaiona ni uchafu. Mwaka 1830 malkia Kaʻahumanu, aliyekwisha kubatizwa, akapiga marufuku kuicheza hadharani. Haikufa, ilijificha vijijini. Mfalme Kalākaua ndiye aliyeirudisha mbele ya watu, na alipotawazwa rasmi mwaka 1883 hula ilichezwa katika sherehe zake. Miaka 75 baadaye, wajukuu wa taifa lile lililotuma wamisionari walikuwa wakizungusha viuno uani kwao, wakiwa na ringi yenye jina la ngoma ile iliyokatazwa. Aibu ilikuwa imesafiri bahari nzima na kurudi ikiwa bidhaa ya dola mbili kasoro.

Baba mkubwa angeniambia: vema, mwanangu, umethibitisha nilichosema. Ni mambo ya huko. Na kweli, mtu akisema "si yetu" haimsaidii kuambiwa kitu kimetoka wapi. Inabidi tuulize "yetu" inatengenezwaje.

Tanzania iliwahi kuliuliza swali hilo kwa sauti kubwa. Desemba 1962, alipoingia katika urais, Nyerere aliliambia Bunge kwamba tulisomeshwa hata tukaona aibu kwa ngoma zetu. Waliosoma walijua kucheza rumba, chachacha na waltz, lakini si wengi waliojua gombe sugu au lele mama. Akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Miaka sita baadaye Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kuanza Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969: sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na mkorogo vilipigwa vita kwa kuwa si utamaduni wetu. Mwishoni mwa mwaka huo huo muziki wa soul nao ukapigwa marufuku jijini. Ukitazama orodha ile ya mwanzo utaona kwamba sehemu yake kubwa ilivaliwa au ilipakwa na wanawake. Sheria ya mila ilipotafuta mahali pa kushika, ilishika kwenye paja la msichana aliyesubiri basi.

Sasa angalia kilichoingia kwa mlango wa mbele wakati huo huo. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ilipeleka kundi la vijana China kujifunza sarakasi. Walirudi mwaka 1969, mwaka ule ule wa Operesheni Vijana, na ndio wakaanzisha Kikundi cha Taifa cha Sarakasi. Kutembea juu ya mikono, kujenga mnara wa watu, kusawazisha vitu kichwani na miguuni: yote hayo, yaliyofunzwa ng'ambo na walimu wa Kichina, yakawa utamaduni wa taifa, yakapanda jukwaani pamoja na ngoma. Neno lenyewe ni mgeni. Kilatini walisema circus, maana yake duara. Waingereza wakalichukua, nasi tukalipa irabu na kuliita sarakasi. Taifa zima lilikubali duara kutoka nje, na halikupata homa.

Halikukosea kulikubali. Vikundi vya taifa vilipovunjwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kuanzishwa mwaka 1981, sarakasi ilipata nafasi kati ya masomo yake. Vikundi vya utamaduni vya Dar es Salaam, Muungano na TOT miongoni mwao, viliiweka kati ya ngoma, taarabu na vichekesho, na watazamaji waliolipa kiingilio chao hawakuuliza pasipoti yake. Nairobi nako, Sarakasi Trust ilianza mwaka 2001 na baadaye ikaligeuza lililokuwa jumba la sinema la Shan kuwa mahali pa mazoezi. Vijana wa Coco walionifundisha ringi walikuwa wajukuu wa safari ile ya China, ingawa sidhani hata mmoja wao alikuwa anaijua.

Na Ufipa je? Tukianza kuchuja, hatutabaki na mengi mezani. Mahindi tunayoshukuru mavuno yake ni mmea wa bara la Amerika. Ulezi ndio mzee wa nyumba. Kanisa tunalotolea shukrani hizo lilipanda uwandani baada ya Mapadri Weupe kuchukua kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Leo nani Mollo atasema kanisa si letu? Bibi zetu wamelijenga kwa mikono, wamezikwa nalo.

Upande wa pili, Wafipa tulikuwa na kitu ambacho hakuna awezaye kukikana. Mababu zetu walijenga matanuri ya kuyeyushia chuma, malungu, minara ya udongo yenye kimo cha kama mita tatu, iliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuri dogo, ndipo kikafuliwa kuwa jembe. Watafiti wametoka mbali kuja kuyasoma. Katika karne ya 20 jembe la kiwandani lilipokuwa rahisi kupatikana, moto ukazimika, na mabaki ya malungu yakabaki porini yakimezwa na majani. Kuwa chetu hakukuyaokoa. Kitu hakiishi kwa sababu ni cha kwetu. Kinaishi kwa sababu kuna mtu anayekifanya kesho tena.

Hoja hiyo niliiona nzuri. Siku ya tatu baada ya sherehe nikambebea baba mkubwa, tumekaa jikoni kwa bibi tukiota moto. Nilianza na China. Hakuniacha nifike mbali.

"Unanifundisha ringi mimi?" akasema. "Mimi nimecheza halaiki, mwanangu. Tuliyofanya mazoezi mwezi mzima, Mwenge unakuja. Tulizivika ringi karatasi za kijani na njano. Unainua juu, unashusha, unageuka, wote kwa pamoja. Mkuu wa wilaya alisimama kupiga makofi."

Nikamuuliza: basi ringi imekuwaje si mila yetu?

Akachochea moto kwanza. "Sisi tulishika mikononi."

Hapo ndipo yote niliyoyapanga, Oklahoma na Hawaii na Bunge la mwaka 1962, yalinidondoka miguuni kama ringi ya shangazi. Hakuwa akizungumzia ugeni hata kidogo. Nikaanza kumweleza kwamba kiuno hakizungushwi kama watu wanavyofikiri. Unatanguliza mguu mmoja, unasukuma tumbo mbele na nyuma, kidogo tu, kila ringi inapopita. Mzunguko ni wa ringi, si wa mtu. Ni kweli tupu, na niliisema kama wakili. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Lakini anayetazama haoni hivyo. Yule mtoto ana mtihani mwezi wa tisa. Hapa kuna macho, na kuna midomo. Akipewa jina, wewe utakuwa Dar. Atakayeishi na hilo jina ni yeye."

Sikuwa na jibu, na sitajifanya nimelipata sasa. Mgeni anayeleta uhuru wa wiki mbili hulipa nauli yake tu. Gharama nyingine inabaki kwa wenyeji. Nimewaona wasichana wa rika langu waliopewa jina. Najua pia kilichonipata mimi mwenyewe: nilipovunja ungo niliacha kuruka kamba, niliacha rede, niliacha kukimbia bila sababu. Hakuna aliyenipiga marufuku. Siku moja tu nilikuta nimesimama pembeni nimeshika mikono, na kaka zangu bado wanacheza. Ilinichukua miaka kumi na safari ya Dar kurudi uwanjani. Hatari aliyoiona baba mkubwa ipo. Lakini na hiyo nyingine ipo, na haina sauti, ndiyo maana haihesabiwi.

Bibi alikuwa anachambua maharage muda wote huo. Anasikia anachotaka kusikia. Bila kuinua uso akasema:

"Kiuno hicho hicho kikiinama shambani kutwa nzima, mbona hamkiambii kipumzike? Kikisimama kucheza kidogo ndipo mnakiona."

Baba mkubwa akacheka, kicheko cha mtu aliyepigwa na mama yake mbele ya mtoto. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Akaaga, akachukua koti lake, akatoka kwenye baridi.

Nimelifikiria sana neno lile la bibi kuliko vitabu vyote nilivyovitaja hapa. Historia ya Ufipa ninayoijua imejaa migongo iliyoinama: ya wachimba udongo wa tanuri, ya wabeba mizigo, ya wanawake wenye jembe lililotoka katika tanuri hilo na kisha jembe lililotoka kiwandani. Kazi imeandikwa, kwa sababu kazi huacha chuma na risiti. Mchezo hauachi kitu. Ringi ya karatasi ya kijani na njano ilichanika wiki ile ile. Kama baba mkubwa asingeudhika na mimi, halaiki yake ingekwenda naye kaburini, na mimi ningebaki nikiamini kwamba kabla yangu hakuna aliyewahi kuinua ringi Mollo.

Nilipoondoka niliacha ringi zote. Tano zilikwenda na watoto na sijui zilipo. Ile kubwa, binti aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, juu ya ungo wa bibi, ukafunikana nayo hivi kwamba asiyejua angedhani ni kitu kimoja.

Mwezi wa kumi, mtihani umekwisha, alinipigia kwa simu ya mama yake. Alisema amefika mia mbili bila kuangusha. Nikamuuliza anachezea wapi.

"Uani."

"Baba mkubwa yupo?"

"Yupo," akasema. "Amegeuza kiti."